Mlango Uliopigiliwa Ukutani

Jua lilikuwa linazama Kalamu alipoingiza gari kwenye kituo cha mafuta cha mwisho kabla ya kilima, na si kwa sababu tangi lilikuwa tupu. Hakutaka kuingia nyumbani kwa watu mikono mitupu. Kituo kilikuwa na kiduka, na kidukani kulikuwa na mkate, majani ya chai, na zile biskuti za kopo ambazo hununuliwa na watu wanaokwenda kuwaona wale wasiowapenda sana. Akachukua mkate na majani ya chai. Biskuti akaziacha. Alikuwa bado anaamini kwamba anampenda Kasuku.

Mhudumu wa pampu, mwanamke mnene aliyebanwa na kofia ya kazi, alichomeka bomba, akageuka amwulize kama akague na maji, halafu neno likamkatikia mdomoni.

"Vipi?" Kalamu akauliza.

"Hapana, dada. Nimekufananisha."

"Na nani?"

"Na mtu." Akanusa hewa, kwanza kidogo, kisha kwa nguvu, kama anayetafuta gesi inakovujia. "Samahani, dada... unapaka nini?"

"Mafuta ya mkaratusi. Nina kifua tangu utotoni. Kwani vipi?"

"Kule juu kunanukia hivyohivyo. Nyumba ya Bibi. Bosi alitupeleka wote mwisho wa mwaka, ati tukaburudike." Akacheka bila furaha. "Mimi nilishuka ngazi kwa makalio."

"Ndiko ninakokwenda."

Mhudumu akachomoa bomba kabla tangi halijajaa. Akafunga kifuniko. Akafuta mikono kwenye aproni, akaifuta tena.

"Basi wahi, dada," akasema. "Ukiwahi kuingia, utawahi kutoka."

Kalamu akaondoka akitikisa kichwa. Watu wazima na akili zao.

Jina alilopewa na wazazi lilikuwa zuri tu, ila chuoni hakuna aliyelitumia. Walimwita Kalamu, wakimaanisha kalamu nyekundu. Alimsahihisha mhadhiri mbele ya ukumbi mzima. Alimsahihisha mhubiri katikati ya mazishi, marehemu akiwa palepale hana la kusema. Inasemwa alimsahihisha hata mchumba wake wakati anamposa, ndiyo maana hakuolewa. Na hapo pia aliwasahihisha: yeye ndiye aliyekataa. Sasa alikuwa mwalimu wa historia sekondari, kazi inayompa mtu ruhusa ya kuona makosa ya wenzake na mshahara juu yake.

Safari hii ilikuwa dawa. Madaktari walikuwa wamempima damu, mkojo na makohozi, wakampima na subira, wasione kitu. Kwanza alipoteza ladha ya chumvi. Kisha sauti ikafifia, hata wanafunzi wa viti vya nyuma wakawa wanaulizana, "Mwalimu kaja leo?", naye amesimama mbele yao na chaki mkononi. Halafu likaja lile la miwani. Alikuwa na mazoea ya kuipulizia pumzi kabla ya kuifuta. Asubuhi moja akapuliza, kioo kisiingie ukungu. Akapuliza tena. Kikavu.

Hilo hakumwambia daktari yeyote. Angeanzia wapi?

"Kapumzike," walimwambia. Akachukua likizo, akachukua gari lake, akaamua kufanya mambo mawili aliyoyapenda na kuyaahirisha miaka yote: kuzitembelea nyumba za kale zilizofunguliwa kwa wageni, na kuwaona marafiki aliowaacha njiani. Peke yake, dirisha wazi, hakuna wa kumwambia endesha polepole. Kila mji nyumba moja na rafiki mmoja.

Jana yake alilala kwa Jino. Jino alikuwa daktari wa meno, na jina lilimpata kabla hata hajahitimu. Alifungua mlango, akamkodolea Kalamu macho, halafu akacheka mpaka akashika fremu.

"Kumbe uko hai!"

"Ulitaka niwe wapi?"

"Utani tu, mwenzangu, ingia. Loo, umekonda! Ukifika kwa Kasuku utaelewa ninachokicheka. Kawa mwongozaji wageni kwenye jumba fulani, na ana hadithi moja hapo, mama yangu... watu wanatoka wanalia."

"Hadithi gani?"

"Nikikusimulia nitaiharibu. Nenda kasikie kwa masikio yako. Ila usije ukanipigia simu kunilaumu."

Usiku kucha Jino alikuwa akimtazama Kalamu, kisha anatazama sahani yake na kutabasamu. Kalamu akaliacha lipite. Rafiki wa zamani ni kama kiatu cha zamani, alijiambia. Kinabana, lakini ukijua kinabana wapi, unatembea.

*

Jumba lilikuwa la ghorofa moja, jeupe, na roshani ya mbao iliyochoka mbele. Kalamu aliegesha pembeni na, kwa macho ya kazi, akalikagua kabla hajashuka. Ukuta wa upande wa mashariki ulishuka wima kutoka paa hadi ardhini, hauna dirisha wala tundu. Nyumba iliishia hapo. Alilitia hilo akilini, kama anavyotia kila kitu.

Kasuku alimpokea barazani. Enzi za chuo, huyu ndiye msichana aliyeweza kukurudishia mhadhara mzima neno kwa neno, pamoja na kikohozi cha mhadhiri. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye sauti za watu wote isipokuwa yake. Sasa alikuwa amenyauka. Jicho la kushoto lilikuwa na utando kama maziwa yaliyomwagikia majini. Mkono wa kushoto ulikuwa ndani ya glovu nyeusi, na haukuinuka walipokumbatiana.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Kasuku akasema, na akamnusa shingoni. Hakujificha hata kidogo.

"Umepatwa na nini?"

"Kiharusi kidogo. Tutaongea baadaye, wageni wangu wa jioni wanangoja. Ziara ya magharibi ndiyo inayopendwa." Akamshika Kalamu kiwiko kwa mkono ule mzima. "Kaa nyuma yao. Na nakuomba, kwa urafiki wetu wote... usinisahihishe mbele ya watu."

"Nitajaribu."

"Najua utajaribu," Kasuku akasema.

Wageni walikuwa wachache. Maharusi wawili walioshikana mikono kama waliogandishwa kwa gundi. Mwanamume mmoja aliyelitazama jumba lote kupitia simu yake. Na mama mtu mzima, muuguzi mstaafu, mwenye viatu vya kazi na macho ya zamu ya usiku. Kasuku akawasha taa ya chemli, akazima umeme, wakaingia.

Sebuleni Kalamu alivumilia sana. Saa ya ukutani iliyosifiwa kuwa ya mwenye nyumba wa kwanza ilikuwa ndogo kwa umri kuliko Kalamu mwenyewe. Kiti cha "enzi" kilikuwa na skrubu zinazong'aa. Aling'ata ulimi. Ulimi hauna mfupa, lakini wake ulikuwa na meno mengi ya kuuzuia, na jioni ile yalifanya kazi.

"Sasa," Kasuku akashusha sauti, "tunapanda kwa Bibi."

Wakasimama chini ya ngazi. Kasuku akainua taa.

"Bibi wa nyumba hii alikuwa na goti baya. Alipanda ngazi mguu mmoja mmoja, hivi... wa kulia kwanza, wa kushoto unafuata. Wa kulia... unafuata. Watumishi wakisikia hivyo, walijua ni yeye, hata gizani."

Maharusi wakacheka kwa woga. Kalamu hakucheka. Alikuwa ameshaweka mguu wa kulia kwenye ngazi ya kwanza, na wa kushoto ulikuwa unaufuata.

*Watu wengi wana magoti mabaya*, alijiambia.

"Alikuwa na kifua," Kasuku akaendelea, wakipanda. "Alijipaka mafuta ya mkaratusi asubuhi na jioni. Mtasikia harufu tukifika juu. Wengine huisikia wakisharudi makwao, kwenye mito yao."

Harufu ikawashukia. Muuguzi mstaafu akageuka, akamtazama Kalamu, kisha akatazama juu.

"Na kicheko chake, jamani! Alichelewa kucheka. Watu wote watacheka, watamaliza, watafuta machozi... ndipo yeye anaanza." Kasuku akafunga jicho zima, na kutoka kooni mwake kikatoka kicheko kifupi, kikavu, chenye mkwaruzo mwishoni.

Kilikuwa cha Kalamu.

Hakikufanana nacho. Kilikuwa chenyewe. Jino aliyasikia haya yote, akacheka, akamtuma aje ayasikie. Walikuwa wamemzika, hawa wawili, mmoja akichimba na mwingine akipiga makofi, na watu wasiomjua walikuwa wakipanda kilima jioni kwa jioni kuja kumtazama amelala.

"Mumewe alimpenda," Kasuku alisema walipofika ukumbi wa juu, "lakini alichoka. Mwanamke asiyeacha mtu amalize sentensi! Siku moja alipokuwa anapiga pasi wakagombana, pasi ikamwangukia, ikamwunguza mkono. Kovu la pembetatu. Hapa." Akainua glovu nyeusi. "Kwenye kiganja cha mkono wa kushoto... juu kidogo."

Kuibiwa ni jambo moja. Kuibiwa halafu mwizi akakuvaa kinyumenyume ni jambo jingine kabisa.

"Wa kulia," Kalamu akasema.

Wote wakageuka.

"Ni mkono wa kulia. Na si kiganjani, ni kwenye kifundo. Na hakukuwa na ugomvi wowote, alijikwaa tu kwenye waya wa pasi."

Mbao za sakafu, mwisho wa ukumbi, zikalia. Mara moja. Kama mtu aliyekuwa amesimama muda mrefu akahamishia uzito mguu wa pili.

Na ndani ya glovu nyeusi, vidole vikafunguka. Kimoja... kingine... vyote vitano, polepole, kama mdudu anayezinduka. Kasuku aliviangalia, na midomo yake ikatetemeka. Kalamu aliona, na akadhani ni aibu.

"Mgeni wetu anajua historia," Kasuku akawaambia wageni kwa upole. Simu ya yule mwanamume ilikuwa imemgeukia Kalamu. "Tusonge."

Mwisho wa ukumbi kulikuwa na mlango. Mlango mzito, wa mbao nyeusi, wenye komeo nje.

"Humu ndimo mumewe alimfungia. Alisema atamfungulia akijifunza kunyamaza." Kasuku akaweka taa sakafuni. "Bibi hakuwa mwoga. Alikuwa na hofu moja tu maishani... aliogopa giza. Kwa hiyo alipigapiga mlango huu akiomba taa. Taa tu. Mpaka siku alipo—"

"Giza?" Sauti ya Kalamu ilitoka kubwa kuliko ilivyopata kutoka kwa miezi. "Nani kakwambia giza? Gizani analala vizuri tu! Anaogopa kufungiwa. Alipokuwa mdogo alifungiwa kabatini na binamu zake mpaka akazimia. Hata choo hafungi mlango. Kama unaiba, iba sawasawa!"

Maharusi walirudi nyuma hatua moja, kwa pamoja. Bwana harusi akaanza kupiga makofi, akidhani ni sehemu ya maonyesho, halafu akaacha.

Kasuku alikuwa amefumba macho yote mawili. Alipoyafumbua, utando haukuwepo. Jicho la kushoto lilikuwa jeupe na jeusi, safi, kama la mtoto.

"Asante," akanong'ona.

Kisha kwa sauti ya kazi: "Wageni wangu, chai ipo chini. Mkono wa kulia wa ngazi. Polepole."

Walishuka haraka kuliko walivyopanda. Muuguzi mstaafu alibaki nyuma.

"Binti," akamwambia Kalamu, bila kuutazama ule mlango. "Njoo tushuke wote."

"Nakuja, mama. Nina neno na huyu."

"Neno litakungoja chini."

"Dakika moja tu, mama."

Mama yule alimtazama kama alivyowatazama wengi waliosema wanajisikia nafuu. Akashuka.

*

"Umenizika," Kalamu akasema. "Goti langu, kifua changu, kicheko changu. Umenizika nyumbani kwa watu na kunitembeza."

Kasuku alikuwa akivua glovu. Mkono ulikuwa umekauka, wa kijivu, lakini vidole vilikuwa vinakunjuka, na damu ilikuwa inarudi kwenye kucha mbele ya macho yao.

"Nilipewa nyumba isiyo na hadithi," akasema. "Aliishi hapa mfanyabiashara wa ngozi. Akala, akazeeka, akafa kwa kuhara. Nani apande kilima kusikia hayo? Mwenye jumba akasema atalifunga, na mimi nalala humu humu, Kalamu, sina pengine. Nikatafuta mwanamke wa kumweka ndani. Nikajitafuta mimi. Nikakuta sina kitu cha kusimulia. Wewe ulikuwa navyo vyote. Siku zote ulikuwa navyo."

"Mimi ni mgonjwa, wewe! Mwaka mzima ninaisha!"

"Najua."

"Unajua?"

"Nilisikia kwa wenzetu wa chuo kwamba unapungua. Nikajua unakopungukia." Alisema hivyo bila chuki, na hilo ndilo lililotisha. "Niliacha kusimulia kwa muda. Nakuapia niliacha. Akaja mwenyewe. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu, hana uso, ananukia mkaratusi, akaniuliza habari zake. *Nina kovu mkono upi? Naogopa nini?* Mimi nikawa nakisia." Akautazama mkono. "Nikikosea, anachukua. Mtu asiyekamilika anakula kilicho karibu naye."

"Ungeniuliza mimi!"

"Ungetaka kujua kwa nini nauliza. Lakini nikikosea mbele yako..." Kasuku akatabasamu, tabasamu lake mwenyewe, si la kuiga. "Tumelala chumba kimoja miaka yote ile. Kama kuna kitu kimoja ninachokijua duniani, ni kwamba ukiombwa usisahihishe, hutalala mpaka usahihishe."

Chini, vikombe viligongana. Mtu alicheka. Kalamu alihisi hasira imemjaa mpaka kwenye masikio, na hasira ni mume wa mtu mwenye akili, humpeleka anakotaka.

"Upuuzi," akasema. "Umeugua kiharusi, umepata nafuu, na mimi nina upungufu wa damu. Huyo Bibi wako hana hata chumba! Nimeuona ukuta kwa nje. Nyumba inaishia hapa." Akagonga ubao. "Mlango huu umeununua kwenye nyumba iliyobomolewa, ukaupigilia ukutani. Nyuma yake kuna matofali, na nyuma ya matofali kuna hewa."

"Kweli kabisa," Kasuku akakubali. "Niliupigilia mwenyewe. Misumari ileile."

"Basi!"

"Basi fungua unionyeshe. Si hupendi uongo?"

Kalamu akavuta komeo. Mlango haukuwa na sababu ya kufunguka.

Ulifunguka.

Hakukuwa na matofali.

Kulikuwa na chumba, chembamba, kirefu kidogo kuliko kabati. Harufu ya mkaratusi ilimpiga usoni, nzito, ya zamani, kama ya shuka la mgonjwa. Hakuona mtu. Alisimama kizingitini na kusema, kwa sababu ndivyo alivyoumbwa, "Haiwezekani," na akaingiza kichwa aone ukuta uko wapi.

Kitu kikapumua mbele ya uso wake.

Kirefu. Cha joto.

Miwani yake ikaingia ukungu.

Mwaka mzima kioo kile hakijaona ukungu. Mikono ikaivua miwani yenyewe, ikaifuta kwa upindo wa blauzi, mviringo, mviringo, kama kila siku. Mtu akampita. Bega likamgusa bega, laini, lenye uzito, na mtu huyo akanong'ona kama anayepishana na mwenzake mlango wa ofisi:

"Samahani, mwenzangu."

Alipoivaa miwani, alikuwa amesimama ndani na mlango ulikuwa unajifunga. Kwenye ufa uliobaki alimwona Kasuku ameinua taa kwa mikono miwili mizima. Alimwona pia mwanamke akielekea kwenye ngazi, amevaa blauzi kama ya Kalamu, funguo za gari zikining'inia kidoleni. Mguu wa kulia. Wa kushoto ukafuata.

"Kasuku," Kalamu akasema. "Kasuku, fungua."

Komeo likarudi mahali pake.

"KASUKU!"

Alipiga mlango kwa ngumi mbili, akapiga kwa kichwa, akapiga kwa goti lile baya. Alipiga kelele jina lake halisi, lile la wazazi, mara nyingi mno. Na chini, wageni wakaacha vikombe.

"Mnasikia?" Sauti ya Kasuku ikapanda kutoka kwenye ngazi, tamu, imeshiba. "Ndiye huyo."

Bibi harusi alipiga ukelele. Kisha wakapiga makofi.

*

Humo ndani hakuna njaa. Hakuna kulala pia. Kuna kusikiliza.

Kila magharibi wageni walikuja, na kila magharibi Kasuku aliusimulia ukumbi ule maisha ya Kalamu. Haikuchukua muda Kalamu kutambua kwamba Kasuku alikuwa anakosea makusudi. Kovu la mkono wa kulia alilipeleka kushoto. Alimpa Bibi ndugu ambao hakuwa nao. Na Kalamu akilinyamazia kosa, kitu fulani kilimtoka: siku moja meno mawili, siku nyingine sura ya mama yake, ambayo aliitafuta kichwani na kukuta mahali palipo safi tu kama ubao uliofutwa. Kwa hiyo alipiga. Kila kosa, pigo moja. *Si hivyo. Si hivyo.* Wageni waliruka na kushikana, wakarudi makwao wakawasimulia wenzao, wenzao wakaja.

Halafu jioni moja akasikia sauti anayoijua.

"Mimi hapa nilishawahi kuja," Jino alikuwa akisema, anahema kwa ngazi. "Lakini kuja na wewe, mwenzangu, ndiyo raha yenyewe! Na umependeza, eti. Umenenepa. Ule ugonjwa ulikwenda wapi?"

"Nilipumzika tu."

Kalamu aliweka sikio kwenye ubao. Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa na afya.

"Na umepoa! Hujamsahihisha mtu tangu asubuhi. Mama yako mwenyewe kaniambia, mwanangu karudi mtu mwingine, sasa anakalika naye."

"Kusahihisha kunachosha," sauti ikasema.

"Jino!" Kalamu akapiga kelele. "Jino, huyo si mimi! Niko huku! Jino!"

Jino alicheka kwa furaha. "Leo kaanza mapema, Bibi wa watu!"

"Anawajua marafiki," Kasuku akasema. Akakohoa kidogo, akaingia kazini. "Siku moja alipokuwa anapiga pasi, ikamwangukia, ikamwunguza. Kovu la pembetatu. Mkono... wa kushoto."

Kalamu akainua ngumi apige.

Ngumi ikabaki hewani.

Wa kushoto? Akapapasa gizani kifundo cha mkono wa kulia. Ngozi ilikuwa laini. Akapapasa cha kushoto. Laini. Akarudi kwenye wa kulia, akakisugua kwa kidole gumba juu na chini, juu na chini, akitafuta pembetatu ambayo aliwahi kuwa na hakika nayo, waya, pasi, chumba fulani, meza... Kulikuwa na meza? Mkono wa nani?

Nje, walingoja. Mbao zililia chini ya miguu yao.

"Mbona kimya?" Jino akanong'ona.

"Huwa anapiga," Kasuku akasema. Safari hii sauti yake ilikuwa na ufa. "Hapa huwa anapiga."

Jino akaguna, akacheka kidogo. Kasuku akamfuata kucheka, kwa adabu ya kazi. Wakamaliza. Ndipo kicheko cha tatu kikaanza, kifupi, kikavu, kikiwa karibu kabisa na ubao, upande wa pili wa sikio la Kalamu.

"Labda leo amekubali," sauti ikasema.

Na ndani, gizani, kidole kidogo cha mkono wa kushoto wa Kalamu kikaanza kufa ganzi.